Usinunue Kichwa Maji

Mtu atajinyima miaka miwili anunue lenzi ya milimita 70 hadi 200. Atacheza upatu, atauza friji, atamwambia mkewe kwamba huo ni mtaji. Siku lenzi inapofika anaipachika kwenye kamera, kisha vyote viwili anavikalisha juu ya stendi ya plastiki aliyopewa kama nyongeza aliponunua begi. Lenzi ya Canon ya aina hiyo, ile ya EF ya f/2.8, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Kamera yenyewe inaongeza kilo moja au pungufu kidogo. Kilo mbili na nusu za jasho la mtu zinashikiliwa na kinobu chenye ukubwa wa kizibo cha soda! Huko ni kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga iliyochakaa, halafu fundo ukamwachia jirani alifunge.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nimechoka kuona kamera zikianguka. Napiga picha za harusi Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Harusi zinapopungua, kama mwezi wa Ramadhani, napiga majengo na wanyama. Vichwa vya stendi nimeshika vingi. Ninalotaka kukuambia ni hili, na nitalirudia: stendi usiinunue kwa kutazama miguu yake, tazama kichwa, na kichwa usikichague kabla hujachagua pleti.

Tuelewane majina kwanza, maana Kariakoo kila muuzaji ana lake. Kichwa ni kile kinachokaa juu ya miguu mitatu na kuielekeza kamera. Pleti ni kibao cha aluminiamu kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu. Klempu ni mdomo ulio juu ya kichwa, unaoing'ata pleti ili kamera ipachikwe na kutolewa haraka bila kuzungusha skrubu kila mara. Skrubu inayoingia chini ya kamera ni ya robo inchi. Ile inayounganisha kichwa na miguu, kwenye stendi za maana, huwa ya inchi tatu kwa nane. Vipimo hivyo viwili vinafuatwa dunia nzima, ndiyo maana kamera ya babu na ya mjukuu zinaweza kukaa kwenye stendi moja. Ukishavuka skrubu, maelewano yamekwisha. Kila kampuni ina mlango wake na ufunguo wake.

Milango utakayokutana nayo zaidi ni miwili. Wa kwanza ni wa Manfrotto, Waitaliano walioanzia Bassano del Grappa, unaoitwa RC2. Pleti yake ni ya pembe nne, unaibonyeza kutoka juu, mkono mdogo wa chuma unaruka na kuifunga: tak. Una raha yake. Wa pili ni wa Arca-Swiss, kampuni iliyoanzia Uswisi. Huu pleti yake ina kingo mbili zilizokatwa mshazari, kama ulimi wa droo ya kabati la fundi seremala hodari, na upana wake ni milimita 38 hivi. Inateleza ndani ya klempu au inashushwa kutoka juu, kisha klempu inabana kingo zote mbili kwa urefu wake wote.

Mimi nakushauri Arca, na sababu yangu siyo fahari ya jina. Umbo lile limeigwa na karibu kila mtu: kampuni za Marekani kama Really Right Stuff na Kirk, na viwanda vya China visivyo na idadi. Maana yake ni kwamba pleti ikikupotea Songea, huna haja ya kusubiri mgeni kutoka Ulaya akuletee nyingine. Hata lenzi zimeanza kuja na umbo hilo tayari: Tamron ya milimita 150 hadi 600, toleo la pili, mguu wake umechongwa kwa mtindo wa Arca, unaupachika moja kwa moja bila pleti yoyote. Manfrotto nao wametengeneza pleti ya 200PL-PRO inayoingia kwenye milango yote miwili. Ukiona mwenye duka lake anatoboa mlango wa jirani, ujue wateja wanapita wapi.

Kama tayari una vichwa viwili vya RC2 na pleti nne, kaa nazo, ni nzuri. Usichanganye tu. Kamera, lenzi ndefu, taa na kipaza sauti, kila kitu kivae pleti ya ukoo mmoja, na pleti ikishavaliwa isivuliwe. Mpiga picha anayehamisha pleti moja kati ya kamera mbili katikati ya ndoa atakosa pete ikiingia kidoleni. Nimewaona wakihangaika na sarafu, wanakaza skrubu huku padri ameshasema amina.

Sasa nikusimulie jambo lililonitokea, kisha tuendelee na ununuzi.

Harusi ilikuwa Morogoro, ukumbi wenye sakafu ya vigae. Maharusi walikuwa wanakaribia keki. Kijana anayenisaidia aliichomoa kamera kwenye stendi, akabadilisha betri, akairudisha. Nikamuuliza, "Imekaa?" Akanijibu, "Imekaa, kaka." Na alikuwa amekaza kinobu hadi mwisho. Lakini ukingo mmoja wa pleti ulikuwa ndani ya mdomo wa klempu, na ukingo wa pili ulikuwa umekalia mdomo kwa juu. Ukikaza katika hali hiyo, kinobu kinafika mahali kinagoma kama siku zote, na mkono hauoni tofauti. Kamera inasimama wima, inatulia, haitikisiki. Nilipoiinamisha kidogo kufuata kisu, ikatoka. Muziki haukusimama, wageni wengi hawakujua. Mimi nilisikia mlio mmoja mfupi wa chuma juu ya kigae, na nilijua kabla sijatazama chini. Pete ya kupachikia lenzi ilikuwa imepinda upande mmoja kama kifuniko cha kopo. Fundi alikaa nayo wiki tatu.

Sikumkaripia kijana. Alikuwa amejibu swali nililomuuliza, na swali lenyewe ndilo lilikuwa na kasoro. Nitalirudia mbele.

Kwa hiyo ukifika dukani anza na klempu. Zipo za kinobu, unazungusha hadi ikaze, na zipo za wenzo, unasukuma mara moja imefunga. Za wenzo zinapendeza, zina haraka, na zina shida moja: umbo la Arca halijawahi kuwa sheria iliyoandikwa, kila kiwanda kinakata pleti yake na tofauti ya unywele. Wenzo umepimwa kwa upana mmoja. Pleti nyembamba kidogo itacheza ndani yake, na pana kidogo itakataa kufunga. Kinobu hakichagui, kinakaza hadi kinakutana na chuma. Ukinunua pleti zako popote unapozikuta, kama wengi wetu, chukua klempu ya kinobu. Wenzo waachie wanaonunua klempu na pleti kutoka kiwanda kimoja.

Tazama pia upande wa chini wa pleti. Nzuri ina vijiskrubu viwili vidogo, kimoja kila mwisho, vya kuizuia isiteleze na kutoka hata kama klempu imelegea kidogo. Wauzaji wengine huvitoa, au havikuja. Uliza. Na pleti nzuri ina ukingo unaopanda kidogo kushika mgongo wa kamera, kwa sababu skrubu moja peke yake haiwezi kuzuia kamera kuzunguka. Laza kamera ubavu kwa picha ya kusimama, uzito wa lenzi unaanza kuizungusha taratibu kwenye skrubu yake, na bibi harusi anaanza kuegemea ukuta ambao haupo.

Dawa kamili ya hilo ni pleti ya pembe, yenye umbo la herufi L, inayopanda ubavuni mwa kamera. Picha ya kusimama ukiitaka, unaichomoa kamera na kuipachika kwa upande wa pili. Kamera inabaki juu ya kiini cha stendi badala ya kuning'inia pembeni. Hakikisha tu kwamba L hiyo imetengenezwa kwa kamera yako. Ile ya kukisia itaziba mlango wa betri, na utaifungua kila baada ya saa mbili huku unailaani.

Sasa vichwa.

Kinachouzwa zaidi ni cha gololi: tufe la chuma ndani ya kikombe, kinobu kimoja kinalikaza. Unalegeza, unaielekeza kamera popote, unakaza. Ni chepesi, kidogo, kinaingia begini. Kwa mtu wa safari, mwandishi wa habari, mpiga picha za mtaani, sina neno. Tafuta chenye vinobu vitatu: kikubwa cha kukaza gololi, kidogo cha kuweka msuguano ili kamera isidondoke ghafla unapolegeza, na cha tatu cha kuzungusha kitako bila kugusa gololi. Chenye kinobu kimoja tu, kitupie macho na uendelee na safari yako. Ukilegeza kinobu hicho, lenzi yako inapiga magoti.

Lakini gololi ina tabia moja ambayo lazima uijue kabla ya kulipa. Ukishapanga picha na kukaza, mara nyingine kamera hujongea kidogo unapoondoa mikono. Kwa lenzi ya milimita 35 huoni. Kwa ndefu, ni kilio.

Niliiona vizuri Rujewa, wilayani Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua. Watu walikuwa wamejaa, wanafunzi na vioo vyao, watalii, wazee waliokuja na viti kutoka nyumbani. Mwezi ungelifunika jua katikati na kuacha pete ya moto, na pete ile ingekaa dakika tatu hivi. Nilikuwa na lenzi ya milimita 400 yenye chujio la jua, juu ya kichwa cha gololi. Kwa lenzi hiyo jua ni kiduara kisichofika milimita nne kwenye kihisi cha kamera, na kwa sababu dunia inazunguka, linahama kwa upana wake wenyewe kila baada ya dakika mbili. Basi kila mara ni lazima uielekeze kamera upya. Na kila nilipolegeza gololi, kila upande ulilegea kwa pamoja. Nikisahihisha juu, kushoto kunaharibika. Nikikaza, jua linahama. Ilikuwa karibu adhuhuri, jua liko juu sana, kamera imeegemea nyuma kabisa, na gololi haipendi mkao huo.

Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na kichwa cha zamani cha mikono mitatu. Kamera yake aliipachika kinyumenyume, lenzi ikielekea upande ambao mikono ya kichwa ingepaswa kuwa.

"Shikamoo, mzee. Mbona umeigeuza?"

"Marahaba. Kichwa hiki kinainama sana lakini hakiinuki sana, mwanangu. Nikaigeuza kamera, sasa kuinama kwake ndiyo kuinuka kwangu."

Alikuwa sahihi. Vichwa vingi vya mikono mitatu vinainama mbele hadi nyuzi 90, lakini kwenda nyuma vinasimama mapema, ama mkono unagonga mguu wa stendi. Ukiipachika kamera kinyume, unapata mbingu yote. Mzee alikuwa akizungusha mkono mmoja kwa kidole na kuliweka jua lake katikati, bila kuugusa ule mwingine. Alipata pete nzima. Mimi nilipata picha nne nzuri, na hamu ya kununua kichwa cha mikono mitatu.

Kichwa hicho kinadharauliwa na vijana kwa sababu ni kikubwa na mikono yake inatoka nje kama pembe, inachoma mbavu ukikibeba. Mimi nakitetea. Kila mkono unashughulika na jambo moja: mmoja kuinamisha, mmoja kulaza ubavu, mmoja kuzungusha. Nenda nacho Mji Mkongwe, Zanzibar, ukapige mlango wa nakshi. Mlango ule una miimo miwili iliyochongwa, na jicho la msomaji linajua miimo ya mlango husimama wima. Ukikosea kidogo tu, mlango unaonekana kuanguka. Kwa mikono mitatu unaweka pimamaji juu ya kamera, unasahihisha ubavu, unafunga. Unasahihisha kuinama, unafunga. Kisha unazungusha hadi misumari ya shaba ikae sawa pande zote mbili, na vile ulivyofunga mwanzo havijui kama umefanya jambo lolote. Vichochoro ni vyembamba, watu wanapita na mikokoteni, kwa hiyo fanya hima na uombe radhi. Ukipata kichwa cha gia, kama Manfrotto 410, ambacho unakizungusha kwa vinobu vyenye meno, hapo umefika peponi kwa kazi za majengo. Kizito, ghali, taratibu, na sijawahi kumsikia mwenye nacho akijuta.

Kuwa macho tu na kile cha mikono mitatu cha plastiki kinachozunguka kumbi zote. Hicho ndicho kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza anajifunzia juu yake. Shika mkono wake, utikise. Ukisikia klik-klik, kirudishe kwa mwenyewe.

Kuna kichwa kimoja tu chenye maji ninachokuombea ukipate, nacho ni cha video. Ndani yake mna kimiminika kizito kama asali kinachozuia mwendo usiruke. Bibi harusi anapoingia ukumbini kwa mwendo ule wa hatua moja, simama, hatua moja, simama, na mashangazi wanampepea, kamera inamfuata bila kushtuka. Vya bei ya chini vinaandikwa kwamba vina ulaini wa namna hiyo, lakini ndani ni grisi na mpira. Kipime hivi: sukuma mkono wake kwa kidole kimoja, polepole kabisa. Kikikwama kwanza halafu kikaruka, ni grisi. Kikianza kutembea pamoja na kidole chako, tunaweza kuzungumza bei.

Kisha pima springi yake. Vichwa vya video vya maana vina springi ya kusawazisha uzito: unainamisha kamera nyuzi 45, unaachia, inabaki pale ulipoiacha. Springi ikiwa ya kamera nzito na wewe una kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, itakurudisha juu kama mtoto anayekataa kulala. Ikiwa dhaifu, kamera itazama. Nenda dukani na kamera yako mwenyewe, na lenzi yako, na kipaza sauti chako juu. Mwambie muuzaji, "Kaka, samahani, naijaribu kwa mzigo wangu." Akikataa, duka liko lingine. Pleti ya kichwa hiki iwe ndefu, ya kuteleza mbele na nyuma, kwa sababu uzito unabadilika kila unapobadilisha lenzi.

Wanyama? Kuna kichwa chenye umbo la bembea, gimbali, kinachobeba lenzi ya milimita 600 kama haina uzito. Wimberley wa Marekani ndio waliokipa umaarufu. Kwa ndege kando ya ziwa, mahali unaporuhusiwa kusimama chini, ni kizuri mno. Ila katika hifadhi zetu nyingi hushuki kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa, na ndani ya Land Cruiser miguu mitatu ya stendi haina pa kusimama. Usikibebe kwenda Serengeti. Beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu, wenye zipu. Ukipita Mto wa Mbu au Karatu, ingia sokoni, ununue maharage kilo tatu, uujaze. Ulaze juu ya ukingo wa paa la gari, ukandamize lenzi ndani yake, mwombe dereva azime injini. Hakuna kichwa cha stendi kitakachokushinda. Safari ikiisha, maharage mpe mpishi.

Turudi dukani, maana kuna tarakimu nataka ikutoke akilini. Kwenye boksi wameandika: kinabeba kilo 20. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata kuandika namba hiyo. Na hata ikiwa kweli, inakuambia kichwa hakitaanguka. Haikuambii kama picha itatulia. Chukua pakiti mbili za sukari za kilo moja, uzishike kifuani. Unaweza kuongea na simu nusu saa. Sasa nyoosha mkono mbele uzishike hapo. Sukari ni ileile, lakini bega limeanza kutetemeka. Lenzi ndefu ni mkono ulionyooshwa. Mimi huchukua kichwa kilichoandikiwa angalau mara nne ya uzito wa mzigo wangu, na bado nakijaribu.

Jaribio ni hili, na ukifanya moja tu katika mwongozo mzima, fanya hili. Pachika lenzi yako ndefu kuliko zote. Simama mlangoni mwa duka, ielekeze kamera kwenye kitu kidogo kilicho mbali, kama msumari wa bati au kifuniko cha tangi la maji. Washa kioo cha nyuma, kuza picha mara kumi. Kaza kichwa. Ondoa mikono. Msumari ukihama, umeona ulichotaka kuona. Kisha gonga lenzi kwa ukucha na uhesabu: picha inatetemeka kwa muda gani kabla ya kutulia? Iache dakika tano huku mnanong'ona bei, kisha tazama tena. Kichwa kizuri utakikuta na msumari wako palepale.

Kama fedha ni kidogo, nunua kichwa cha mtumba cha kampuni yenye jina badala ya kipya cha plastiki. Kitazame: gololi isiwe na mikwaruzo mirefu, kinobu kisizunguke bure, thredi za skrubu zisiwe zimelika. Na gawa fedha yako hivi: nusu miguu, nusu kichwa na pleti. Watu wanatoa robo tatu kwa miguu ya kaboni kisha wanaivika kichwa cha bei ya chipsi kuku.

Nyumbani, kabla ya kazi ya kwanza, pindua stendi. Chini ya sahani ambayo kichwa kinakaa, stendi nyingi zina viskrubu vidogo vya kubania kichwa. Vikaze. Usipovikaza, siku unayozungusha kamera kuelekea kushoto kwa nguvu, badala ya kuzunguka kitako, kichwa kizima kitafunguka kutoka kwenye miguu. Alenki yake, kile kifunguo cha chuma kilichopinda, ifunge kwenye mguu wa stendi kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alenki iliyobaki nyumbani ni sawa na isiyokuwepo.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Ukitoka ufukweni, futa gololi na klempu kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo maji baridi, kisha kaushia kwa kikavu. Mchanga ukiingia kwenye mdomo wa klempu, pleti haitakaa hata ukikaza vipi. Na ninakusihi, usitie mafuta. Kila mwaka nakutana na mtu aliyeona gololi yake nzito akaitia mafuta ya cherehani. Gololi inashika kwa msuguano. Ukiilainisha umeifundisha kuteleza, na itateleza siku ambayo kuna mzigo juu.

Basi lile swali la Morogoro. Siulizi tena kama imekaa. Kinobu kikishakazwa, mkanda wa kamera ukiwa bado mkononi, unaishika kamera na kuivuta juu, kwa nguvu, kama unataka kuinyanyua stendi nzima. Pleti iliyokaa itanyanyua stendi pamoja nayo. Iliyodanganya itabaki mkononi mwako, na mkanda unao. Inachukua sekunde moja. Kijana wangu sasa anapiga harusi zake mwenyewe, na nimemkuta ukumbini akimwambia msaidizi wake neno moja tu, bila kugeuka.

Ivute. Kabla ya kuachia mkanda, ndugu yangu, kila mara, hata ukiwa na haraka, hata keki ikiwa inakatwa: ivute.